Gugu karoti: ukisubiri lichanue umeshachelewa

Nianze na kitu kinachoniudhi. Kila nikiona picha za watu wameinama shambani wanang'oa gugu karoti, nikizikuza kidogo naona maua meupe yamejaa juu kabisa, yaani shughuli imeanza siku ambayo gugu lenyewe limeshamaliza kazi yake. Watu wanavuta, shina linatikisika, mbegu zinadondoka palepale, halafu rundo linaburutwa hadi pembeni ya shamba na njia nzima linamwaga. Mikono mitupu, pua wazi, na nusu ya waliomo ni watoto. Jioni tunapongezana eti tumepambana. Jamani, hapo tumelisaidia kupanda.

Kwa wale ambao bado hawajalifahamu (na naomba mlifahamu mapema, maana wengi hulijua likishakuwa msitu), jina la kitaalamu ni Parthenium hysterophorus, ukoo mmoja na alizeti. Kwao ni Amerika, maeneo yanayozunguka Ghuba ya Meksiko. Likiota linaanza kwa kulala, majani yamechanikachanika yamejitandaza chini kama sahani, na hapo ndipo mtu anapita anadhani ni karoti iliyojiotea au maua fulani hivi, analiacha. Baadae linasimamisha shina lenye mistari mistari na vinywele, linatoa matawi mengi juu, linafika mita moja, pakiwa na rutuba na maji hata mbili. Ua lake ni dogo, upana kama milimita 4 hivi, jeupe, ukilisogelea utaona vipembe vitano. Ni zuri kwa kweli, ndio maana kuna nchi watu wanalichomeka hadi kwenye mashada ya maua na wanalibeba nyumbani wakicheka.

Sasa vile vipembe vitano ndio balaa lenyewe. Kila ua linatoa mbegu kama tano, unasema tano ni nini bwana, lakini mmea mmoja wa kawaida unamwaga mbegu 15,000 hadi 25,000, na lile kubwa lililoshiba linaweza kupita 100,000. Na halingoji msimu. Pakiwa na joto na unyevu linaota, wiki 4 hadi 6 tangu kuota limeshaanza kuchanua, na likianza haliachi mpaka ardhi ikauke au wewe uliondoe, yaani kwenye mmea huohuo juu kuna ua jipya, katikati kuna mbegu inakomaa, chini mbegu zimeshaanguka na nyingine zimeshaota. Ndio maana ratiba ya palizi ya kawaida, ile ya mara moja mazao yakiwa madogo na mara ya pili yakiwa magotini, hailiwezi hili. Lenyewe linazaa kati ya palizi yako ya kwanza na ya pili.

Kuna jambo lingine kuhusu hizo mbegu ambalo mimi naliona ni muhimu kuliko yote na halisemwi sana. Mbegu ikibaki juu ya udongo haidumu, jua na mvua na wadudu vinaimaliza mapema. Ikizikwa ndio inalala, na inaweza kukaa miaka kadhaa ikiwa hai inasubiri uigeuze ardhi ione mwanga. Kwa hiyo mtu anayeona shamba limejaa maua meupe halafu anaita trekta ipige plau ya kina kirefu ili "limalizike", anachofanya ni kuweka akiba. Litapotea msimu huo, ndio, na utafurahi. Siku utakapolima tena kwa kina kilekile unaipandisha juu ile akiba yote na unaanza kujiuliza limetoka wapi wakati ulishalimaliza.

Tena hili gugu halitembei lenyewe, linabebwa, na historia yake karibu yote ni ya kubebwa na sisi watu. Australia lilionekana Queensland katikati ya miaka ya 1950, na wanalihusisha na mitambo ya kijeshi iliyohamishwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia; baadae likaingia tena sehemu nyingine ya jimbo hilohilo ndani ya mbegu za nyasi za malisho kutoka Texas, na huko ndiko lilikosambaa kweli. India liligundulika Pune miaka hiyohiyo ya 1955 na 1956, watu wengi wakasema limekuja na nafaka kutoka Marekani. Ethiopia nako lawama zikaenda kwenye nafaka za msaada. Uganda likatangazwa 2008, Tanzania 2010 huko Arusha. Ukiangalia hiyo orodha kila mahali utakuta gari, gunia au trekta. Upepo na maji vinasaidia umbali mfupi, ila safari ndefu tunalipa lifti wenyewe.

Haya, linafanya nini shambani. Kwanza linashindania maji na mbolea kama gugu lolote, hilo halihitaji maelezo. Ila lina sumu zake, kubwa inaitwa parthenini, ipo kwenye majani, kwenye vile vinywele, kwenye chavua, na mizizi na majani yaliyooza yanaiachia kwenye udongo, mbegu za mimea mingine zinaota kwa shida au hazitoi kabisa mizizi vizuri. Utaona chini yake pako peupe. Halafu kuna hili ambalo nilipolisoma mara ya kwanza nilikaa chini: chavua yake ikitua kwenye maua ya mahindi, maharage, nyanya, pilipili au biringanya inazuia uzazi, matunda yanapungua. Maana yake gugu halihitaji hata kuwa ndani ya shamba lako, likiwa kwenye uzio wa jirani linakupunguzia mavuno. Ethiopia kwenye mtama, majaribio ya pale ambapo gugu liliachwa msimu mzima bila kuondolewa yalionyesha hasara ya asilimia 40 hadi 97. Tisini na saba ndugu zangu, hapo unavuna mabua.

Na magonjwa pia. India kwenye jimbo la Andhra Pradesh mwaka 2000 karanga zilikufa kwa wingi kwa ugonjwa wa virusi, walipofuatilia wakakuta gugu karoti ndilo linawahifadhi hao virusi bila lenyewe kuonyesha dalili hata moja, limekaa tu kijani linapendeza, chavua yake inabeba virusi na wale wadudu wadogo wadogo wanaoitwa thiripsi wanaisambaza kwenye karanga. Kwa hiyo mtu alikuwa anapulizia dawa karanga zake na kiwanda cha ugonjwa kipo barabarani.

Kwa wafugaji hali ni mbaya kivyake. Mifugo hawalipendi, ni chungu, wanakula nyasi zote zilizolizunguka na kuliacha. Ukitazama hapo ni kwamba ng'ombe wako wanalipalilia gugu, wanaondoa washindani wake kila siku. Nyasi zikiisha na njaa ikibana wanalila, maziwa yanakuwa machungu, nyama nayo inachukua ladha, na likiwa sehemu kubwa ya chakula, kuanzia kama asilimia 10 kwenda juu, linaweza kuua. Wengine wanatoka vidonda mdomoni na ngozi inavimba na manyoya kunyonyoka.

Sasa afya ya binadamu, hapa naomba nikae kidogo, maana hapa ndipo watu wanafanya mzaha.

Ile parthenini ikigusa ngozi inaweza kuleta aleji. Shida ni kwamba haiji siku ya kwanza. Mtu anaweza kulishika msimu huu na msimu ujao na mwingine bila hata kujikuna, anawacheka wanaovaa glavu, halafu siku moja mwili unaamua basi, na ukishaamua haurudi nyuma. Kuanzia hapo hata kiasi kidogo kinatosha. Yaani kule kusema "mimi nimelizoea" ni kinyume kabisa, ngozi hailizoei, ngozi inahesabu. Ukurutu wake unapenda usoni, kwenye kope, shingoni, kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, kwa sababu vumbi lake na vinywele vilivyokauka vinapeperuka na kutulia kwenye jasho, kwa hiyo mtu anaumwa bila kuligusa kabisa, amepita tu karibu au anakaa nyumba iliyozungukwa nalo. Ngozi inakuwa nyekundu, inawasha, inapasuka, ikiendelea muda mrefu inakuwa nene na nyeusi na ngumu. Wapo waliolazimika kuacha kilimo kwa sababu hiyo, na wapo waliohangaika na dawa za fangasi muda mrefu kwa sababu hakuna aliyewauliza unalima nini na pembeni ya nyumba yako kuna nini. Ukienda hospitali na upele wa namna hii sema mwenyewe, taja gugu, ikiwezekana onyesha picha yake kwenye simu, usisubiri kuulizwa.

Chavua nayo inaleta mafua yale ya kupiga chafya mfululizo, macho kuwasha na kutoa machozi, na kwa mwenye pumu inaweza kumletea shambulio. Mtu mwenye pumu asiingie kwenye kazi ya kung'oa gugu karoti lililochanua, hata kama ndiye mwenye shamba, hata kama anaona aibu kukaa pembeni wenzake wanafanya. Na wenye aleji ya mimea mingine ya ukoo huu wawe makini zaidi, mwili unaweza kuichukulia yote kuwa kitu kimoja.

Na hili la watoto nalirudia. Shule zinapeleka watoto kung'oa gugu kama usafi wa mazingira, mikono mitupu na kaptura, wanalibeba kifuani. Nia nzuri sijakataa. Ila huyo mtoto ana miaka mingi sana mbele yake ya kuishi na hiyo aleji akiipata, na yeye hakuchagua. Kama ni kuwatumia watoto, wafundishwe kulitambua likiwa dogo wakatoe taarifa, macho yao ni makali kuliko yetu, kazi ya kulishika waachiwe watu wazima wenye vifaa.

Nisisahau mbu. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichopo Nairobi, walichapisha 2015 kwamba mbu wa malaria, Anopheles gambiae, wananyonya sukari kwenye gugu karoti na inawapa nguvu ya kuishi muda mrefu, na sumu ya mmea haiwasumbui kivile. Mbu akiishi muda mrefu ndio vimelea vya malaria vinapata muda wa kukomaa ndani yake. Kwa hiyo ule msitu mweupe nyuma ya nyumba ni zaidi ya ishu ya kilimo.

Tukija kwenye kulishughulikia. Msimamo wangu ni mmoja na nitaurudia mpaka mnichoke: hesabu yako isiwe umeng'oa mangapi, iwe ni mangapi yamefanikiwa kumwaga mbegu. Ukiwa na nguvu kidogo na shamba kubwa, usianze pale palipojaa zaidi. Anza pembezoni, kwenye yale machache yaliyojitenga, kwenye njia, kwenye mifereji, pale linapoingilia, uyazuie yasizae, halafu ndio unasogea kuelekea kwenye msitu. Watu wanafanya kinyume, wanavamia msitu siku moja wanachoka, huku yale machache ya pembeni yanaanzisha misitu mipya.

Kung'oa kwa mkono kunafaa sana pale ambapo eneo ni dogo, na wakati wake ni likiwa bado limelala chini au ndio kwanza linasimamisha shina, udongo ukiwa na unyevu baada ya mvua ili litoke na mzizi. Ukilikata juu au likakatikia mkononi linachipua upya kutoka shingoni, yaani pale shina linapoungana na mzizi, tena linachipua matawi mengi na linachanulia chini karibu na ardhi ambako fyekeo halifiki. Ndio maana kufyeka kama mtu anavyofyeka nyasi hakusaidii, na kufyeka lililochanua ni kulirushia mbegu mbali zaidi. Kama ni jembe, ingia chini ya ile shingo.

Vaa glavu za mpira au za plastiki nzito, zile za kitambaa vinywele na utomvu vinapenya. Mikono mirefu, suruali ndefu, viatu vya kufunika, barakoa, kitu cha kuzuia macho. Najua joto. Ndio, ni mateso, fanya asubuhi na ufanye kidogo kidogo, bora eneo dogo kila wiki kuliko siku moja ya kishujaa. Ukimaliza usijipanguse uso na hizo glavu, nawa kwa sabuni, nguo zifue peke yake na zisikae chumbani zinasubiri.

Vipi kuhusu lililokwisha kuchanua, unaliacha? Hapana, liondoe, ila kwa heshima. Usilitikise. Kata kwanza vichwa vya maua polepole ukiweka moja kwa moja kwenye gunia zito au mfuko wa plastiki, funga, ndio ung'oe shina. Mbegu zilizokaribia kukomaa zinaweza kumalizia safari hata mmea ukiwa umeng'olewa, kwa hiyo lile rundo la pembeni ya shamba sio jalala, ni kitalu. Wengine wanachoma, sawa, lakini lichomwe sehemu moja ileile kila mara, likiwa limekauka, na asimame mtu upande upepo unapotokea, moshi wake usiupumue. Kuchoma shamba zima au malisho yote ili kuliua sikubaliani nako kabisa, moto unaondoa nyasi na kuacha ardhi wazi, na ardhi wazi ndiyo linayoitafuta gugu hili.

Mboji inawezekana, na ni mbolea nzuri tu, ila kwa lile ambalo halijachanua. Likishakuwa na maua unahitaji rundo linalopata joto kali kila kona, na marundo yetu mengi katikati yanachemka pembeni yamepoa, mbegu za pembeni zinapona halafu unazisambaza shamba zima mwenyewe kwa koleo. Kuna watu wanashabikia kulitumia kwa mambo mengi, gesi ya samadi, dawa, sijui nini. Mimi nina wasiwasi na kitu chochote kinacholifanya gugu liwe na faida, maana likishakuwa na faida mtu atalitunza, atalisafirisha, atamuuzia mwenzake.

Chumvi. Hii naiona inazunguka sana, changanya chumvi na maji mengi pulizia. Inaunguza majani ni kweli, kule India imetumika kandokando ya barabara. Lakini shambani? Chumvi inabaki kwenye udongo, utaua gugu na utakachopanda baadae. Achana nayo.

Dawa za viwandani zina nafasi yake. 2,4-D inaua ya majani mapana na kuacha nyasi, hivyo kwenye malisho ina mantiki, ila maharage na mboga za jirani zitaumia upepo ukiibeba. Glaifoseti inaua vyote, nyasi nazo, na hapo lazima uwe na mpango wa kujaza ile nafasi vinginevyo umelisafishia uwanja. Kwenye mahindi kuna dawa zinazopuliziwa kabla gugu halijaota. Zote zinafanya kazi vizuri gugu likiwa dogo, bado limelala, lina majani mabichi. Ukipulizia lililokomaa lenye maua linanyauka pole pole huku linamalizia kumwaga, umepoteza hela na dawa. Na ukitumia dawa ileile kila msimu utachagua yale yasiyokufa, Kolombia walishapata gugu karoti lisilosikia glaifoseti tangu 2004. Soma lebo, fuata kipimo, na usichanganye kwa kukisia eti kidogo zaidi ili life haraka.

Wadudu sasa, hapa ninapapenda. Kuna mbawakawa mdogo wa Meksiko, rangi ya krimu na mistari ya kahawia, Zygogramma bicolorata, yeye na funza wake kazi yao ni kula majani ya gugu hili. Australia walimwachia 1980, India 1984, Afrika nako ameshaachiwa katika nchi kadhaa baada ya majaribio. Kiangazi anajichimbia udongoni, mvua zikija anatoka. Yupo pia nondo ambaye funza wake anaishi ndani ya shina na kulivimbisha, fukusi anayetoboa shina, fukusi mwingine wa mbegu, na magonjwa ya kutu ya majani. Hawa hawaui gugu likaisha, tuwe wakweli, wanalidhoofisha, linakuwa fupi, maua machache, mbegu chache, nyasi zinapata pumzi. Kuna mwaka mvua zinakuja mapema gugu linawakimbia wadudu, linachanua kabla hawajazaana vya kutosha.

India waliwahi kupata hofu kubwa, miaka ya mwanzo ya 1990, mbawakawa walipoonekana kwenye alizeti. Kelele zilikuwa nyingi, wengine wakataka mpango mzima ufungwe. Uchunguzi ulionyesha madhara kwenye alizeti yalikuwa madogo, walikuwa wanavutwa zaidi pale chavua ya gugu ilipodondokea majani ya alizeti, na gugu limepakana na shamba. Mimi nachukua mawili hapo: hofu ya wakulima ilikuwa halali na ilistahili kuchunguzwa, na pili hiki sio kitu cha kubeba kwenye kopo kutoka nchi nyingine kwa sababu umesoma mtandaoni. Waachie taasisi za utafiti, wapime kwanza.

Lakini hata ukiwa na glavu, dawa na mbawakawa, kama ardhi inabaki wazi utarudia kazi hiyo maisha yako yote. Hili gugu linapenda palipovurugwa, palipolishwa kupita kiasi, pembezoni mwa barabara, uwanja wa ujenzi, shamba lililoachwa. Chini ya nyasi nene zilizoshona ardhi linaota kidogo na linabaki dhaifu. Kwa hiyo ukimaliza kung'oa leo, swali la leo hiyohiyo ni unaweka nini hapo. Nyasi za malisho zinazostahimili kama senkrasi, mikunde inayotambaa, mazao ya kufunika ardhi, matandazo mazito ya mabua, chochote kinachokamata nafasi kabla yake. India wanatumia mimea ya jamii ya kasia inayojiotea kwa wingi, wanaimwagia mbegu kwenye maeneo ya gugu na inalizidi nguvu. Mfugaji yeye dawa yake kubwa ni kupunguza idadi ya mifugo kwenye kipande au kuwazungusha, nyasi zipumzike hasa mwanzo wa mvua, na naelewa kwamba kumwambia mfugaji mwenye eneo dogo apunguze mifugo ni rahisi mdomoni tu. Hata kuzungusha vipande viwili ni bora kuliko kulisha pote kila siku.

Halafu milango. Queensland wana sehemu za umma za kuoshea magari na mitambo, unatoka eneo lenye gugu unaosha kabla ya kuingia kwingine, sisi tunakodi trekta lililotoka kulima kusikojulikana na tunalishangilia linavyoingia na tope la huko kwenye matairi. Mwambie dereva asimame nje kwanza, safisha plau na matairi hapohapo, tope lidondokee sehemu moja unayoweza kuifuatilia. Mashine ya kupukuchulia vilevile. Mchanga na kifusi cha ujenzi uliza kimechimbwa wapi. Mbegu za kupanda na za nyasi usichukue za kuokoteza. Majani ya mifugo yakiletwa kutoka mbali yalishie sehemu moja, na mifugo wapya wakae hapo siku kadhaa kabla ya kuwaachia shamba zima, mbegu zinakuja kwenye kwato, manyoya na kinyesi.

Hizo sehemu, yaani pale trekta iliposimama, pale majani yaliposhushwa, pale kifusi kilipomwagwa, mfereji unapoingia, ndizo za kupita kukagua kila baada ya wiki tatu hivi mvua zikianza, kwa sababu wiki ya nne linaweza kuwa limeshafungua ua la kwanza. Na mkague pamoja na mtu wa shamba la pili, chavua haijui mpaka na mbegu zikisombwa na maji haziulizi hati ya nani. Mkilikuta dogo ni dakika chache, glavu na jembe. Msimu ujao mrudi hapohapo, na msimu wa baada ya huo, hata kama hamjaliona tena.